Sonona: yanayosemwa mtaani na yanayojulikana kliniki

Mgonjwa anafika zahanati na kichwa kizito, tumbo linawaka moto, mwili umechoka, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Anapimwa malaria, anapimwa presha, anaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo. Mwezi unaofuata yuko palepale kwenye benchi. Akiulizwa kwa utulivu atasema, "Nina mawazo." Neno sonona, ambalo Kenya wengi huliita unyogovu au mfadhaiko, halimo kinywani mwake, na mara nyingi halimo hata kwenye faili lake. Tiba inapotelea hapo kabla haijaanza, na sehemu ya lawama ni ya haya tunayoambiana.

"Sonona ni ugonjwa wa Wazungu"

Waulize Washona wa Zimbabwe. Wana neno *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, na kitenzi chenyewe kimebeba ule uzito ambao Kiswahili hukaribia kuusema kwa "kuwazawaza". Uganda nako, watafiti waliokwenda Masaka na Rakai hawakuanza na dodoso la kigeni. Kwanza waliwauliza wanavijiji ni maradhi gani ya moyo na akili yaliyozidi tangu ukimwi uingie, wakatajiwa hali mbili, mojawapo *okwekyawa*, yaani kujichukia. Dalili walizotaja wanavijiji zilifanana na zile zilizomo katika vitabu vya tiba. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao milioni 332 duniani wana sonona, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wanaoihitaji hawapati tiba yoyote.

Sonona hutofautiana na huzuni ya kawaida kwa muda na kwa upana wake. Mtu ana huzuni, au hakuna kinachomfurahisha, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Pamoja na hayo usingizi na hamu ya kula vinavurugika, nguvu zinaisha, akili haitulii, anajiona hafai, na kazi zake za kila siku zinalegea. Dodoso linalotumika sana, PHQ-9, lina maswali 9, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia alama 10 mhudumu hupaswa kuchunguza zaidi. Kuchunguza, si kuandika dawa papo hapo: upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyozembea huweza kuleta picha ileile, na efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika kwa wingi kabla ya dolutegraviri, ilijulikana kwa ndoto za kutisha na kushusha moyo.

"Bila daktari bingwa hakuna tiba"

Dhana hii ndiyo inayotugharimu zaidi, kwa sababu mabingwa wa akili kwetu ni wachache na wengi wako mijini.

Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Wenyeji huwaita *ambuya utano*, bibi wa afya. Walifundishwa tiba ya kutatua matatizo, wakawekewa benchi la mbao nje ya kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 baada ya jaribio la wagonjwa 573 katika kliniki 24. Miezi sita baadaye, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 miongoni mwa waliokaa benchi, na asilimia 50 miongoni mwa waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo.

Bibi hafanyi miujiza pale benchini. Wanataja matatizo yote yanayomkaba mtu, kisha mgonjwa mwenyewe anachagua moja. Linapasuliwa hadi lieleweke, yanatajwa masuluhisho yote yanayowezekana, linachaguliwa moja na kuwekewa siku na saa. Tofauti huonekana hapo kwenye siku na saa. Tuseme shida ni kodi ya nyumba iliyolimbikizwa. "Nitaongea na mwenye nyumba" ni ahadi ya hewani. "Jumamosi asubuhi, kabla hajatoka kwenda sokoni, nitampelekea nusu na kumwomba mwezi mmoja kwa iliyobaki" ni mpango, na wiki ijayo utaulizwa ulifikia wapi. Vikao ni sita.

Uganda walitumia njia nyingine, tiba ya mahusiano katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Vijiji 30 viliingizwa kwenye utafiti. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji ambao si wataalamu wa afya ya akili. Mazungumzo yalihusu msiba, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha. Matokeo ya mwaka 2003: waliobaki na sonona kubwa walikuwa asilimia 6.5 kwenye vijiji vilivyopata tiba, na asilimia 54.7 kwenye ambavyo havikupata. Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii waliwapa vikao vitano wanawake waliopitia ukatili wa kijinsia. Utafiti ule wa wanawake 421, uliotolewa 2017, nao ulionyesha nafuu.

Mipango ya namna hii ikiharibika, huharibikia sehemu zilezile. Mhudumu anageuka mtoa mawaidha: anahubiri badala ya kuuliza. Au anafundishwa siku chache kisha anaachwa bila msimamizi wa kumpitia kila wiki, na baada ya miezi michache kila mtu ana tiba yake. Au hajui ni mgonjwa yupi wa kupelekwa kwa mtaalamu. Hawa si wa benchi: anayepanga kujiua, anayesikia sauti, asiyekula wala kunywa, na aliyewahi kupitia siku kadhaa za kutolala bila kuchoka, kuongea bila breki na kutapanya fedha. Huyo wa mwisho huenda ana ugonjwa wa hisia mbili, na dawa ya sonona ikitumika peke yake inaweza kumrudisha kwenye hali hiyo.

"Vidonge nimemeza, havifanyi kazi"

Swali la kwanza: ulimeza kiasi gani, na kwa muda gani?

Dawa inayopatikana zaidi katika vituo vyetu ni amitriptilini, kidonge cha miligramu 25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unasema mtu mzima aanze na 25 usiku, aongezewe 25 hadi 50 kila wiki hadi kufikia 100 au 150. Kiwango cha chini kinachotibu sonona kwa mtu mzima ni miligramu 75. Lakini fungua daftari la kliniki nyingi utakuta mgonjwa amekaa miezi minane kwenye 25. Kwa 25 atapata usingizi, na maumivu ya neva yanaweza kutulia. Sonona yenyewe haijaguswa. Mgonjwa anaripotiwa "dawa imemkataa", wakati dozi haikufika hata mlangoni.

Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, hulenga miligramu 20 kwa siku, mara moja asubuhi kwa sababu inaweza kufukuza usingizi. Isipoleta nafuu kwa takriban wiki sita, mtoa tiba huongeza.

Ugumu wa dawa hizi ni mpangilio wa mambo: maudhi huja kwanza, nafuu huja baadaye. Wiki ya kwanza ni kinywa kikavu, choo kigumu na uzito wa usingizi kwa amitriptilini. Kichefuchefu, kichwa na wasiwasi kwa fluoksetini. Nafuu ya kweli huhitaji wiki nne hadi sita. Mtu asiyeambiwa hivi ataacha siku ya tano, na sidhani kama ni haki kumlaumu. Sonona ikipona, dawa huendelea miezi 9 hadi 12, kwa sababu ukiacha mapema sonona hurudi.

Je, zinafanya kazi kweli? Uchambuzi wa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 yenye watu 116,477 na dawa 21. Zote zilizidi kidonge bandia kwa watu wazima, kwa kiasi cha wastani, na ile amitriptilini ya zamani, ya bei nafuu, ilikuwa juu ya orodha kwa nguvu. Yale maelezo kwamba sonona ni "upungufu wa serotonini", kemikali ya ubongo, ndiyo hayana ushahidi imara, kama mapitio ya mwaka 2022 yalivyoonyesha. Kujua kwamba dawa inasaidia ni jambo moja. Kujua inasaidiaje ni jambo jingine.

"Ukianza huachi, zinalevya"

Watu hudhani dawa za sonona ni sawa na diazepamu, au valiamu, dawa ya kutuliza. Hiyo ndiyo inayojenga utegemezi, na haitibu sonona hata kidogo, ingawa watu huinunua dukani wapate usingizi. Dawa za sonona hazimfanyi mtu azitamani wala atake kuongeza kila mara. Ila ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi, ndiyo maana hupunguzwa taratibu kwa wiki nne au zaidi, chini ya aliyeziandika.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua utamtia wazo"

Kuuliza hakuongezi hatari, wengi hupumua. Uliza kwa kupanda ngazi: Umewahi kuona heri ungekufa? Umefikiria kujidhuru? Umepanga? Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Viuatilifu vya shamba na vidonge viondoke nyumbani au vifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mgonjwa wa aina hii apewe dawa za wiki moja tu, na ndugu ndiye azitunze. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vikashuka kwa kiwango kikubwa.

Wengine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

"Mama akijifungua lazima alie"

Siku za mwanzo, ndiyo. Machozi ya siku ya tatu hadi ya tano huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, apimwe. Pakistani, jaribio la akina mama 903 lililochapishwa 2008 liliwatumia wahudumu wa vijijini waliokuwa wakiwatembelea kwa kawaida: miezi sita baadaye waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliopewa tiba ya mazungumzo, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa bila tiba hiyo.

"Ni imani haba, au ni jini"

Dua na dawa havigombani. Tatizo huanza mtu akiambiwa aache vidonge ili aombewe, au akifungwa kamba. Kwa aliyefunga Ramadhani jambo ni jepesi: amitriptilini ni ya usiku, humezwa baada ya futari, fluoksetini ni mara moja kwa siku, inaweza kuhamia daku. Mwambie tu mtoa tiba kabla ya mwezi kuandama.

"Huduma iko Mirembe na Mathari tu"

Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja ni za hali nzito. Sonona ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya wilaya. Nenda na vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vya mitishamba, na mtu mmoja anayekufahamu. Kabla hujatoka uliza: dozi yangu itafika wapi na lini, nirudi tarehe gani, na dawa zikiisha hapa nizipate wapi? Waandike majibu kwenye kadi, si kwenye karatasi ya pembeni.