Je, wajua kwa nini mtu wa Mombasa akienda Disney ya Florida aanze na wanyama?

Khalati yangu na shoga zake wawili, wote washapita hamsini na wajukuu wanao, wamejichanga kwenye chama miaka na miaka na mwezi wa tisa wanataka kwenda Marekani, na wameapa lazima wafike Disney, tena bila mtoto hata mmoja. Juzi tumekaa barazani na mahamri na mbaazi wananiuliza waanzie wapi, nikawaambia siku ya kwanza nendeni Animal Kingdom, ile paki ya Disney yenye wanyama. Khalati akanitizama weee. "Yaani mwanangu nitoke Mombasa, Tsavo hiyo hapo, nipande ndege usiku na mchana nikaangalie twiga?"

Sasa hapo ndipo penye siri, maana sio mambo ya twiga hata kidogo, ni mambo ya saa.

Mombasa iko mbele ya Orlando, mji ulio karibu na hiyo Disney, kwa masaa 7 kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba, miezi yao ya baridi yanakuwa 8. Kule ikiwa saa 8 mchana, huku ni saa 3 usiku, watu washakula na vyombo vishaoshwa. Ukishuka na ndege, mwili haujui kama umefika Florida, wenyewe bado uko Kisauni. Ndani ya ubongo kuna saa inayofuata mwanga wa jua na hiyo haigeuzwi kama ya mkononi, inajivuta pole pole, kama lisaa limoja hivi kwa siku. Kwa hivyo usiku wa kwanza utaanguka mapema kwa uchovu halafu saa 9 usiku macho kodo, kwa sababu Mombasa ni saa 4 asubuhi na tumbo linadai chai. Alfajiri utaiswali bila kuamshwa na mtu. Lakini ikifika saa 10 jioni, kichwa hicho kinadondoka.

Wengi wanapigana na hii kitu, mimi nasema itumie. Disney World ina paki nne kubwa za burudani, na Animal Kingdom, ile ya 1998, kwa kawaida ndiyo inayofungua mapema na ndiyo inayofunga mapema, yaani ratiba yake inalingana na mwili wako wa kimombasa. Wanyama wenyewe pia asubuhi ndio wanachangamka, jua likiwaka wanajificha vivulini kama huku tu. Magic Kingdom, ile kongwe ya 1971, utamu wake uko usiku, fataki juu ya kasri, na zikianza saa 3 usiku mwili wako utakuwa unasema saa 10 alfajiri, Khalati atakoroma kwenye benchi na dola zake zishaenda. Hiyo iweke siku ya nne au ya tano. Afadhali kidogo ni kwamba kwenda magharibi mwili unazoea haraka kuliko kwenda mashariki, saa ya mwili ya watu wengi inazidi masaa 24 kidogo, kwa hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulazimisha usingizi mapema. Shida utaiona ukirudi nyumbani.

Halafu kuna foleni, na hapa mtu anayevuka feri ya Likoni hahitaji kufundishwa. Ukifika alfajiri unapita, ukifika saa 1 unajuta, na feri ni zile zile. Mchezo wa paki, yaani kile chombo unachopanda, nao una kasi yake, haiongezeki ati kwa sababu watu wamejaa. Tuseme unabeba watu 1,500 kwa saa, na wanaokuja kila saa ni 2,000. Saa ya kwanza wanabaki 500, hao ni dakika 20 za kusubiri. Saa ya tatu wamebaki 1,500, ushasimama lisaa zima na hakuna kilichoharibika, ni hesabu tu. Ule mchezo wa sinema ya Avatar unaoitwa Flight of Passage, wa 2017, foleni yake inatisha, kwa hivyo wewe uliyeamka saa 9 usiku uwe pale getini kabla halijafunguliwa.

Na mvua je? Florida ni kama ulimi, bahari huku na huku, jua likipanda upepo wa bahari unaingia pande zote mbili unagongana katikati, hewa inapanda juu, na miezi ya joto mara nyingi mchana inaanza kunguruma. Radi ikikaribia michezo ya nje inasimama. Sababu nyingine ya asubuhi hiyo. Mwezi wa tisa ni mzuri kwa sababu watoto wa huko washarudi shule, ila ni msimu wa vimbunga pia, kwa hivyo bima ya safari msiibanie.

Kuhusu utu uzima, hakuna anayekuuliza mtoto yuko wapi. Wanachokataa ni mtu wa miaka 14 kwenda juu kuvaa kama binti mfalme wa hadithi, hilo tu. Na mkiwa tayari kuachana kidogo, baadhi ya michezo ina foleni ya mtu mmoja mmoja, wanakutumia kuziba kiti kilichobaki, inaenda mbio.

Cha kuchekesha ni kwamba humo Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, kimeigwa miji ya pwani yetu, Lamu hasa, kuta zimebanduka rangi makusudi, kuna duka la vitu vitamu linaitwa Tamu Tamu na baa inaitwa Dawa, na safari ya gari inaitwa Kilimanjaro. Mtoe macho Wamarekani wakipambana kutamka.

Ila kabla ya hayo yote, viza. Ada ya maombi ni dola 185 tangu 2023, hairudi hata ukinyimwa, na mahojiano ni ubalozini Nairobi, kwa hivyo tiketi za paki zingoje.

Khalati akavuta daftari la chama. Alikuwa ashaandika "siku ya kwanza, fataki". Akaikata kwa kalamu, akaandika "twiga", kisha akamwambia shoga yake amkumbushe kubeba kanga ya kujifunika kwenye benchi.