Kijiji kina umeme, nyumba haina: maana ya pengo la umeme

Pengo la umeme kati ya mji na kijiji ni tofauti ya asilimia ya kaya zenye umeme huku na kule. Ila kabla ya kulipima, tenganisha mambo mawili: kufikiwa na kuunganishwa. Kufikiwa ni nguzo na transfoma kuwepo eneo lenu. Kuunganishwa ni taa kuwaka ndani kwako.

Kwa Tanzania Bara, utafiti wa 2019/20 ulionyesha wakazi wa vijijini waliofikiwa ni karibu asilimia 70, na mjini karibu wote. Kaya zilizounganishwa? Vijijini asilimia 24.5, mjini 73.2. Mwaka 2016 zilikuwa 16.9 na 65.3. Kote kumepanda kama pointi nane, kwa hiyo pengo lenyewe halikusogea.

Tanga jambo hili linashangaza zaidi, maana umeme unazalishwa humuhumu. Mto Pangani una mitambo ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ya Pangani Mpya, megawati 68. Lakini laini kubwa ikipita juu ya shamba lako haikusaidii kitu. Umeme ule una nguvu mno, sharti upozwe, yaani upunguzwe nguvu, kituoni kwanza, kisha ushushwe tena na transfoma ndipo uingie nyumbani.

Wengi hudhani kikwazo ni ada ya kuunganishwa. Si hivyo. Kijijini ada ni shilingi 27,000, wakati mjini, tangu Januari 2022, kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni 320,960. Pesa inaishia kwenye wayaringi: nyaya, swichi, soketi na ujira wa fundi, vyote kwa mkupuo, na mkulima wa machungwa Muheza anashika fedha msimu kwa msimu. Kuna kifaa kiitwacho UMETA kinachomwezesha mtu kuanza na taa chache bila kutandaza nyaya nyumba nzima, ila nacho hakirefushi laini. Kama nyumba zimetawanyika, mmoja huku bondeni, mwingine kule kwenye mikorosho, nguzo zinaishia barabarani na shuleni.

Mpangaji wa Ngamiani, Tanga mjini, hana habari na hayo. Anahamia chumba chenye soketi tayari, wayaringi alishagharamia mwenye nyumba zamani. Ugomvi wake ni LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, moja ya nyumba nzima, na yule jirani anayepiga pasi kila asubuhi halafu kuchangia hataki.

Halafu hata hiyo asilimia ya vijijini usiisome kama ya gridi peke yake. Sola inahesabiwa pia, na mwaka 2016 kaya nyingi za vijijini zilizotajwa kuwa na umeme zilikuwa zinatumia sola. Sola ndogo ya nyumbani inawasha taa na kuchaji simu. Mashine ya kusaga haiiwezi.