Wimbo wa Machungu ya Mwenzako: Dhana Potofu Kuhusu Kuimba Kava

Kati ya wanamuziki wanaopiga shoo za wikendi Nairobi, kuanzia vilabu vya Westlands hadi baa za mugithi kando ya Thika Road, kuna ubishi usiokwisha: kwamba nyimbo fulani ni maisha ya mwenyewe, na mwingine akizigusa amekosa adabu. Mwenzako alilia kilio chake, wewe unakililia nini? Hoja hiyo ina uzito mahali pamoja, na tutafika hapo. Kwingine kote inachanganya hisia, sheria na ufundi, na kava nyingi (kava ni wimbo wa mtu ukiimbwa upya na mwingine) huharibikia kwenye ufundi.

“Aliyepitia ndiye pekee anayeweza kuuimba”

Anayetusisimua kwa wimbo wa machungu mara nyingi hata si mtunzi wake. Chukua *Kasongo* wa Orchestra Super Mazembe, kundi la Wakongo lililoweka makao Nairobi. Maneno yake ya Kilingala ni ya mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani, na wanaoyaimba ni wanaume. Karibu nusu karne sasa, hakuna aliyesimamisha dansi kuuliza ni nani kati yao aliyeachwa na Kasongo. Bendi hiyohiyo ndiyo wengi huipa *Shauri Yako*, ilhali mwenye wimbo ni Nguashi Ntimbo.

Mfano ulio mkali zaidi ni *Nothing Compares 2 U*. Prince aliuandika, kundi la The Family likautoa 1985, ukapita kimyakimya. Sinéad O'Connor akautoa 1990 na dunia ikasimama. Lile chozi kwenye video, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na mstari unaomtaja mama. Mama yake alikuwa amefariki 1985. Toleo ambalo kila mtu hulitaja akitaka mfano wa wimbo wa moyoni ni kava.

Halafu kuna *Hurt*. Trent Reznor wa Nine Inch Nails aliutoa 1994, wimbo wa kijana anayejichukia. Johnny Cash aliurekodi 2002 akiwa na miaka 70, mwili umechoka, mwaka mmoja kabla ya kufa. Katika mstari unaotaja taji aliondoa tusi akaweka miiba, na mengine karibu yote akayaacha yalivyo. Maneno yaleyale kinywani mwa mzee yakawa hesabu ya maisha yaliyokwisha. Reznor mwenyewe alikuja kusema kwamba wimbo ule si wake tena.

Kabla ya kuamua kama wimbo unakufaa, chapisha maneno yake, chukua kalamu, upigie mstari kila jina la mtu, mahali na tukio linalojulikana. Ikiwa mistari hiyo ni miwili au mitatu tu, wimbo unazungumzia hali: kuachwa, kufiwa, kukosa mali. Hiyo yeyote anaweza kuibeba. Ikiwa jina la marehemu liko hadi kwenye kiitikio, bado unaimbika, ila uimbe kama msimulizi. Joseph Kamaru aliimba kifo cha mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975; mpiga gitaa wa leo anayeuimba wimbo huo kana kwamba ni msiba wa nyumbani kwake anachekesha bila kukusudia.

“Nikimtaja mwenye wimbo, na nisipouuza, niko salama”

Kumtaja ni wajibu. Ruhusa ni kitu kingine.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mtunzi ndiye mwenye mamlaka juu ya kunakiliwa kwa kazi yake, kutafsiriwa, kugeuzwa na kupelekwa kwa umma. Sheria haipimi machozi: wimbo wa tangazo la sabuni na wimbo wa kumlilia mtoto vina ulinzi uleule. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Kamaru alifariki Oktoba 2018, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2068. Rekodi huhesabiwa kivyake: miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka iliotengenezwa. Santuri iliyorekodiwa 1970 ilimaliza muda wake mwisho wa 2020, lakini utunzi uliomo ndani yake bado unaweza kuwa na mwenyewe. Hapo ndipo vijana wengi huteleza. Wanasikia “rekodi ya zamani ni huru”, wanakata kipande, kisha familia ya mtunzi inabisha hodi.

Kifungu cha 32 cha sheria hiyo ndicho kinachokaribia zaidi wazo la “wimbo wangu wa kibinafsi”. Kinampa mtunzi haki ya kutajwa, na haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa au kukatwakatwa kwa namna inayomvunjia heshima. Akiwa hai hawezi kumhamishia mtu mwingine haki hiyo. Akifa, hupita kwa wosia au kwa warithi kisheria. Kwa hiyo kutafsiri wimbo wa maombolezo kwa Sheng ya mzaha ni hatari mara mbili: umetafsiri bila idhini, na umemdhalilisha mwenyewe.

Barua ya ruhusa haihitaji kuwa na Kiingereza kizito. Iandike jina la wimbo, watunzi wote na sehemu ya kila mmoja, kisha matumizi unayoyataka, kila moja peke yake: rekodi ya sauti, video, jukwaa. Taja lugha, mistari utakayobadilisha (inukuu yote, ya zamani na mpya), nchi, muda na malipo, halafu sahihi na tarehe. Anayepaswa kutia sahihi ni mtunzi, mchapishaji wake au warithi. Mwimbaji maarufu wa wimbo huenda hana mamlaka hayo hata kidogo. *Tears in Heaven* wa Eric Clapton, uliotokana na kifo cha mwanawe wa miaka minne mwaka 1991, una mtunzi wa pili, Will Jennings. Hata kilio cha baba kinaweza kuwa na sahihi mbili.

Ukipakia kava mtandaoni, jina lako liingie kwenye nafasi ya mwimbaji na la mtunzi wa asili kwenye nafasi ya mtunzi. Rekodi yako hupewa ISRC mpya, ile namba ya kutambulisha rekodi yenye herufi na tarakimu 12. ISWC, namba inayotambulisha utunzi, hubaki ileile. Ukinakili ISRC ya toleo la kwanza, hesabu za rekodi yako zitamwendea mtu mwingine, na kuzirudisha ni kazi.

“Chini ya sekunde 30 si kosa”

Ukitumia kipande cha wimbo wa mtu, hakuna sekunde za bure. Mstari mmoja unaotambulika unatosha kuleta madai.

“Mtunzi akisema wimbo ni wa moyoni mwake, hakuna wa kuurekodi”

Inategemea nchi. Marekani, tangu 1909, wimbo ukishatolewa kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote anaweza kurekodi toleo lake la sauti kwa kufuata utaratibu na kulipa kiwango cha kisheria. Mwaka 2025 kiwango cha nakala ya kununuliwa kilikuwa senti 12.7 za dola kwa wimbo usiozidi dakika 5. Mpangilio unaweza kuurekebisha ukufae, ila si melodia ya msingi wala sura ya wimbo, na video haimo. Leseni hiyo ni ya huko. Usiibebe hadi Nairobi ukidhani ni cheti.

Na mtunzi anapokataa, usikimbilie kudhani ni hisia. Dolly Parton aliandika *I Will Always Love You* mwaka 1973 alipokuwa akiachana kikazi na Porter Wagoner. Elvis Presley alitaka kuurekodi, meneja wake akadai nusu ya haki za uchapishaji. Parton alikataa, na alichokuwa akikilinda ni umiliki. Whitney Houston alipouimba 1992, mirabaha ya utunzi ilimfikia Parton bila kugawana na upande wa Elvis.

“Lazima maneno yafuate jinsia yako”

Kiswahili kimekuondolea sehemu kubwa ya kazi hiyo. “Nakupenda”, “ameniacha”, “mpenzi” havina mwanamume wala mwanamke. Shida huja kwenye kuoa na kuolewa, na *Malaika* ndiyo darasa zuri. Fadhili William aliurekodi miaka ya mwanzo ya 1960, na umiliki wa utunzi wake umebishaniwa miaka na miaka. Msichana anayetaka kuugeuza hushawishika kuweka “ningeolewa” mahali pa “ningekuoa”. Silabi ni tano kwa tano, mkazo uko palepale, melodia haiguswi. Lakini anayeimba analia kwa kukosa mali ya mahari. Akiwa ndiye anayeolewa, mali ya nini tena? Neno moja limebadilika, hadithi nzima imekosa miguu. Miriam Makeba na Angélique Kidjo waliyaacha maneno ya mwanamume, na hakuna aliyechanganyikiwa. Luke Combs alifanya vivyo hivyo 2023 na *Fast Car* wa Tracy Chapman: mwanamume mwenye ndevu anaimba kwamba yeye ni msichana wa kaunta dukani, na wimbo ukapanda chati. Ushauri wetu ni kuyaacha maneno yalivyo. Ukilazimika kubadilisha, fuatilia badiliko hilo hadi ubeti wa mwisho kabla ya kuingia studio.

“Kava nzuri ni ile inayofanana kabisa na ya kwanza”

Hapa ndipo wengi huanguka, kisha husingizia kwamba wimbo “una mwenyewe”.

Kosa la kwanza ni kuazima ufunguo wa mwenye wimbo, yaani kimo cha sauti anachouimbia. Nyimbo za majonzi mara nyingi huanza chini, zikapanda kwenye kiitikio. Ufunguo usipokuwa wako, ubeti unamezwa na kiitikio kinakuwa kelele. Tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa katika wimbo mzima, uziimbe mara kumi mfululizo. Ukijikuta unainua kidevu au shingo inakaza kwenye ile ya juu, shusha. Mwanamume anayechukua wimbo wa mwanamke mara nyingi huhitaji kushuka nusutoni 4 au 5 (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili kwenye kinanda), na mwanamke anayechukua wa mwanamume hupanda kiasi hicho. Wimbo wa ufunguo wa C ukishuka nusutoni 5 unatua G. Kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, hupandisha tu, kwa hiyo kushuka ni lazima ubadilishe kodi (chords) zenyewe.

Kosa la pili ni biti ya karaoke iliyopakuliwa. Ukiishusha kwa programu zaidi ya nusutoni 2 au 3, gitaa hulia kama bati na ngoma hupoteza uzito. Isitoshe, biti hiyo ni rekodi ya mtu, na mfumo wa Content ID wa YouTube unaweza kuitambua hata sauti ikiwa yako. Gitaa moja na besi vilivyopigwa na watu vinatosha.

Kasi nayo huponza. Wimbo wa mapigo 66 kwa dakika ukipigwa 74 kwa sababu mpiga ngoma ana haraka, pumzi hukatika katikati ya sentensi. Weka alama za pumzi kwenye karatasi ya maneno na umpe mpiga ngoma mdundo wa kasi hiyo kwenye vipokea sauti vya masikioni.

Na si lazima ulie. Koo likikaza, sauti inakatika kwenye noti ndefu, zile hasa zinazobeba kiitikio. Yasome maneno kama unazungumza na mtu, uyarudie hadi koo litulie, ndipo uyaimbe.

“Bendi ndiyo inayolipia kava za jukwaani”

Kwa kawaida ni ukumbi: baa, hoteli au mwandaaji wa shoo hukata leseni ya muziki kwa umma. Kabla ya kulipa, mwenye ukumbi ahakikishe kwamba chama cha kukusanya mirabaha kinachomdai kina leseni ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka huo. Bendi ikipiga yenyewe, linalotumika ni utunzi. Dijei akicheza rekodi, haki za maprodyuza na waimbaji zinaingia pia. Leseni ya ukumbi haifuniki video ya shoo utakayoipakia kesho yake.

“Basi hakuna wimbo wa kuepukwa”

Upo, na kinachouzuia ni mahali na wakati. Clapton aliacha kuimba *Tears in Heaven* jukwaani mwaka 2004, kwa miaka kadhaa, akisema hakuwa tena na ule uchungu. Mwaka 2005 waimbaji wengine, Ozzy Osbourne na Mary J. Blige wakiwemo, wakaurekodi kuchangia waathiriwa wa tsunami. Yeye kuuweka chini hakukuwafungia wenzake. Ila wimbo huohuo kati ya nyimbo za kucheza, saa saba usiku, glasi zikigongana, haufiki popote, na hilo ni kosa la aliyepanga orodha.

Matanga ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Ukialikwa kuimba, mpelekee msemaji wa familia majina ya nyimbo na maneno yake siku moja kabla. Muulize kama marehemu alikuwa na wimbo ambao wafiwa hawatauvumilia, na kama wanakubali kurekodiwa. Usiingize jina la marehemu ndani ya wimbo wa mtu mwingine bila kuulizwa. Beba nyimbo mbili za akiba zilizo katika ufunguo uleule, maana huenda mjane akabadili nia ukiwa tayari umeshika gitaa.