Singapore ya 1942 haikuwa ngome

Ngome ni mahali palipozungushiwa kinga pande zote, ili wachache walio ndani wawazuie wengi walio nje. Maana yenyewe inaishia hapo. Mtangazaji wa mpira akisema ngome ya timu imepwaya, au mwanasiasa akiita jimbo ngome ya chama chake, sina ugomvi naye. Nashindwa kunyamaza ninaposikia, tena na tena, kwamba katika Vita Kuu ya Pili Waingereza walipoteza "ngome ya Singapore" kwa Wajapani kwa kuwa mizinga yake ilitazama baharini, na adui akaja kutokea nchi kavu.

Pwani yetu inalijua neno hili pamoja na ndugu zake. Husuni ni la Kiarabu, nalo limebaki Kilwa Kisiwani katika jina la Husuni Kubwa, ingawa lile lilikuwa jumba la sultani. Gereza huelezwa kuwa limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, jina likaishika ngome nzima, na huko Kilwa ile ngome ya ufukweni inaitwa Gereza hadi leo. Baadaye likawa jina la mahali pa kufungia watu. Fort Jesus ya Mombasa nayo, iliyoanza kujengwa 1593, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Ingia humo uone ngome ni kitu gani. Kuta nene zimezunguka kote, upande wa nchi kavu kuna handaki, na ndani kuna birika la kukinga maji ya mvua. Waomani walipoizingira 1696, hawakuiteka mpaka Desemba 1698.

Sasa vuka kisiwa hichohicho cha Mombasa uende magharibi, bandari ya Kilindini. Kilindi ni maji yenye kina kirefu. Meli kubwa zinaingia na kutia nanga, lakini ukuta huuoni. Singapore ilikuwa Kilindini, haikuwa Fort Jesus.

Kituo cha manowari kilichofunguliwa Sembawang 1938 kilikuwa kaskazini mwa kisiwa, kikitazamana na Johor, ncha ya kusini ya Malaya, ng'ambo ya maji membamba. London ilipanga kwamba vita vikizuka, kisiwa kivumilie mpaka manowari zitoke Ulaya. Muda wa kuvumilia ukawa unasogezwa: siku 70, kisha 90, kisha 180. Kinga ya Singapore, basi, ilikuwa meli ambazo hazikuwapo. Ufaransa ilipoanguka 1940, meli hizo zikabanwa na Ujerumani na Italia. Zilipelekwa manowari mbili kubwa, Prince of Wales na Repulse, bila meli ya kubebea ndege, na ndege za Japani zikazizamisha zote mbili tarehe 10 Desemba 1941. Wakuu wa majeshi walikuwa wamekubali kwamba Malaya ilihitaji ndege 336. Vita vilipoanza hazikufika nusu ya hizo. Vifaru havikuwapo kabisa.

Na ile mizinga? Mingi iliweza kugeuzwa, nayo ilifyatuliwa kuelekea nchi kavu. Tatizo lilikuwa makombora yake: mengi yalitengenezwa kutoboa chuma cha meli, hayakufaa dhidi ya askari waliotawanyika msituni.

Kinachoniuma zaidi ni ufukwe wa kaskazini ulioachwa wazi. Brigedia Simson, mkuu wa wahandisi, alieleza kwamba mwishoni mwa Desemba alimsihi Jenerali Percival, mkuu wa majeshi ya Waingereza Malaya, ajenge kinga huko, akajibiwa kuwa zingewavunja moyo askari na raia. Churchill, ambaye mwenyewe alikuwa akiiita ngome, aliandika baadaye kwamba haikumpitikia akilini kuwa haina kinga upande wa bara. Neno lilimpotosha waziri mkuu, na watu wakafa. Wajapani walivuka usiku wa 8 Februari 1942, kaskazini-magharibi, na tarehe 15 Percival akasalimu amri.

Aprili mwaka huohuo, Wajapani walipoishambulia na Ceylon (Sri Lanka ya leo), manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Ngome ilikuwa upande wa pili wa kisiwa, kule Mji wa Kale, imejaa wafungwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiandika habari za 1942, andika "kituo cha manowari cha Singapore". Ukiona lazima useme ngome, sema iliitwa ngome.