Kumnyima kasi: maana yake ukicheza tenisi na mtu wa mikwaju mizito

Jioni pale kiwanjani kwetu Tanga lazima utasikia mtu akimpigia mwenzake kelele "mnyime kasi, mnyime!" na vijana wengi walioanza tenisi juzi juzi wanadhani maana yake ni piga polepole, basi. Wanajaribu siku moja, wanachapwa vibaya, alafu wanasema huo ni mchezo wa waoga na wanarudi kule kule kushindana nguvu na mtu aliyewazidi nguvu. Inaniuma hii dhana ikieleweka vibaya mana mimi imenibadilishia mchezo kabisa, kwaiyo ngoja niieleze taratibu.

Kumnyima kasi ni kumrudishia mpinzani mpira ambao hauna kitu ndani yake cha yeye kuazima. Neno la kushika hapo ni kuazima. Mtu wa mikwaju mizito, ule mkwaju ukigusa raketi yako unausikia mpaka kwenye kiwiko, nguvu ile yote sio yake peke yake, sehemu kubwa tu ni ya kwako. Mpira ukimfikia na kasi, yeye kazi yake ni kuuwahi mbele ya mwili raketi ikiwa imara, mpira unadunda wenyewe kwenye nyuzi na kurudi kama umegonga ukuta, yeye anaongezea yake kidogo juu. Yani kadiri unavyokaza ndivyo unavyompunguzia kazi. Sasa mpira ukimfikia umepoa, kasi yote inabidi aitengeneze mwenyewe kuanzia sifuri, azungushe bega, arefushe swingi, na swingi ikishakuwa ndefu kosa dogo la muda linakuwa kubwa, akiwahi kidogo tu mpira unaenda pembeni nje, akichelewa unaenda pembeni upande wa pili, akifungua uso wa raketi kidogo tu unaruka mpaka kwenye uzio.

Sisi huku mji wetu wenyewe jina lake tanga, kwaiyo hili halitusumbui kulielewa. Jahazi linakimbia kwa upepo unaolipiga tanga, upepo ukikata wale waliokuwa wamekaa kimya wanashika makasia na hapo ndo utajua nani ana mikono. Yule anayekurushia makombora ni jahazi, upepo wake ni mpira wako.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja ambaye siku hizi hachezi tena, anakuja kukaa tu kwenye benchi na kahawa yake. Nilikuwa nacheza na kijana wa Chumbageni, mrefu, mkono mzito, na seti ya kwanza alishanifunga 6-1 kwa muda ambao hata jasho halijanikolea. Nilikuwa nakaza kila mpira na kila ninavyokaza unarudi mkali zaidi. Tulipobadilisha upande mzee akaniita. Nikasema naam babu. "Mwanangu yule kijana unampa nini?" Nikamwambia nampigia bekihendi, ule upande ambao mgongo wa mkono unatangulia. "Sijakuuliza unampigia wapi, nimekuuliza unampa nini. Unampa jiwe anakurudishia jiwe. Mpe pamba."

Nikampa pamba. Mpira wa kwanza nakumbuka mpaka leo, niliukata kwa bekihendi kwenda pembe ya mbali, ukaelea, ukapita neti taratibu, ukatua kama hatua mbili kabla ya mstari wa nyuma na ulipodunda haukufika hata magotini. Yule kijana alishafika zamani. Alikuwa amesimama anausubiri, miguu imeganda, alafu akapiga swingi yake ile ile ya siku zote na mpira ukaingia katikati ya neti. Wa pili aliuinua ukaenda kugonga uzio bila kudunda. Wa tatu akaubembeleza, ukatua mfupi, nikausogelea na kuumaliza. Baada ya gemu mbili akaanza kuangalia nyuzi za raketi yake kama zina tatizo. Seti ya pili nilichukua mimi 6-4, ya tatu giza likatukuta 3-3.

Sasa angalia ule mpira ulikuwa na nini mana hapa ndo watu wanapokosea. Ulikuwa wa polepole, ndio, lakini pia ulitua mbali nyuma, na pia ulikaa chini. Mpira wa polepole unaotua katikati ya uwanja ukainuka mpaka kiunoni kwake huo sio kumnyima kasi, huo ni sadaka, umemwekea mezani na kijiko juu. Mtu wa kukaza anaishi kwa mipira ya kiunoni. Kwaiyo ukimnyima kasi unamnyima na kimo vile vile, ama uwe chini ya goti ama uwe juu ya bega, hapo katikati usipite.

Chini kwa nini? Neti katikati ina kimo cha mita 0.914. Mpira ukiwa gotini kwake uko chini ya ukingo wa neti, kwaiyo lazima aupige kwenda juu kwanza, na mpira unaopigwa kwenda juu kwa nguvu unatoka nje, labda auzungushe sana kuurudisha chini. Alafu wengi wanaokaza siku hizi wanashika raketi kiganja kikiwa chini ya mpini, ule mshiko mzuri sana kwa mpira wa kifuani ila kwa mpira wa chini inabidi wakunje magoti hasa, na kukunja magoti mara arobaini kwenye joto letu sio jambo la kila mtu.

Juu ya bega nako anapoteza nguvu, wewe jaribu kunyanyua ndoo ya maji ikiwa usawa wa sikio utaona. Mpira mrefu wa juu unaotua karibu na mstari wa nyuma unamsukuma kule nyuma kabisa, akipiga kutoka huko mpira wake una safari ndefu na wewe una muda wa kujipanga. Michael Chang akiwa na miaka 17 pale French Open ya 1989 alimtoa Ivan Lendl aliyekuwa namba moja wa dunia, Chang mwenyewe misuli imemkaza hata kutembea shida, na moja ya silaha zake siku ile ilikuwa hii mipira mirefu ya juu.

Ila mfano wangu mimi ni Arthur Ashe, fainali ya Wimbledon 1975. Mpinzani wake Jimmy Connors alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi, mpaka kufika fainali hajapoteza hata seti moja. Ashe alikuwa na miaka 31, zimebaki siku chache atimize 32, na yeye mwenyewe kwa kawaida alikuwa mtu wa kukaza, hapo ndo utamu wake ulipo. Connors alikuwa anakula kasi ya wenzake, ukimpiga ngumu anakurudishia ngumu zaidi na mapema zaidi. Ashe akaiweka kando nguvu yake. Akampa mipira laini ya chini kwenye fohendi, yani upande wa kiganja, sevu (mipira ya kuanzisha pointi) za kukata zinazomtoa nje ya uwanja upande wa bekihendi yake ya mikono miwili, Connors akija mbele anarushiwa lobu, mpira wa juu unaompita kichwani. Matokeo 6-1, 6-1, 5-7, 6-4, na Ashe akawa mwanaume mweusi wa kwanza kubeba ubingwa wa singo, mmoja kwa mmoja, pale Wimbledon. Mtu akikwambia huu ni mchezo wa waoga mwambie aangalie ile mechi, mana kuacha silaha yako uliyoizoea maisha yote siku ya fainali inataka moyo kuliko kukaza.

Na hapa nitenganishe vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna kusukuma na kuna kunyima. Msukumaji anarudisha tu mpira popote uende ilimradi usitoke, anasubiri mwenzake akosee, na kwa ngazi zetu hizi kweli anashinda mechi nyingi mana pointi nyingi za sisi wa ridhaa zinaisha kwa makosa. Simdharau hata kidogo. Ila anayenyima kasi anachagua, kila mpira ana sababu nao, huu umetua chini upande huu ili arudishe mfupi, mfupi ukija anaingia na kuumaliza. Ukishampoza mtu alafu akakuletea mpira laini wa katikati na wewe ukaendelea kumpoza, umeshamwachia nafasi ajipange upya.

Ule mpira wa kukata unapigwaje. Shika raketi kama unavyoshika nyundo ukitaka kugonga msumari, geuza bega mpaka mgongo wako nusu umwangalie yeye, raketi ianzie usawa wa sikio, uso wake umefunguka kidogo tu, alafu shuka nayo kwenda mbele. Kwenda mbele ndo neno. Wengi wanakata kwenda chini kama wanapasua nazi, mpira unapaa unakufa katikati ya uwanja, anakuja anaumaliza. Wewe fikiria unapitisha kiganja juu ya meza kufuta vumbi, kinaanzia juu kidogo kinaenda mbele mbali. Mpira unazunguka kinyumenyume na ukidunda hauinuki, kwenye saruji yetu ambayo imeshakwanguka na ina mchanga mchanga ndo kabisa unateleza.

Kwenye kupokea sevu yake nzito habari ni fupi. Rudi hatua moja au mbili, usivute raketi nyuma, iweke tu mbele imara kama unaziba dirisha na uelekeze katikati au kwa ulalo. Ulalo una faida mbili, neti kwenye nguzo ina mita 1.07 lakini ukipiga kwa ulalo unapita pale katikati ilipo chini, na uwanja wenyewe unarefuka, ukienda moja kwa moja ni mita 23.77 ila kutoka kona mpaka kona ya pili ya uwanja wa singo ni kama mita 25. Zaidi ya mita moja ya bure. Na ukiielekeza katikati anakosa pembe za kukuchana nazo, hiyo inasaidia sana siku ambayo miguu ni mizito.

Alafu kuna hewa yetu ya huku pwani, hii watu hawaihesabu. Jioni unyevu ukishapanda manyoya ya mpira yanavimba, mpira unakuwa mzito na wa polepole, mtu wa kukaza anaanza kutumia nguvu mara mbili kupata kasi ile ile ya saa kumi. Kama unajua mechi itaenda mpaka karibu na magharibi usikate tamaa ukifungwa seti ya kwanza. Mipira ya zamani iliyopungua pumzi nayo haidundi juu, kwaiyo siku tukikosa makopo mapya ya mipira mimi nafurahi. Upepo wa bahari ndo wa kuangalia kwa makini, ukiwa nyuma yako mpira laini unaelea na kutoka, hapo kata kwa chini zaidi na lenga fupi kuliko unavyodhani, ukiwa unakupiga usoni hapo ndo rusha juu bila woga mana upepo wenyewe utakurudishia mpira ndani. Miezi ya kusi ikikolea, kuanzia kama mwezi wa sita hivi, mimi lobu naiweka kabisa pembeni nikiwa upande ambao upepo uko mgongoni.

Kuna mahali hii kitu haifanyi kazi na ni vizuri kuijua. Kwenye dabo, wawili kwa wawili, mpira wa polepole unaopita karibu na yule aliyesimama kwenye neti ni kifo, atauvunja kichwani kwako. Kwa mtu mvumilivu mwenye miguu, ambaye ukimpa pamba na yeye anakupa pamba mpaka adhana inaadhiniwa, humnyimi kitu mana hakuwa anaazima. Na kwa yule anayekuja mbele kwenye neti kila akiona umekata, kasi ya polepole inampa muda wa kufika, kwaiyo inabidi mpira utue kwenye miguu yake au upite juu ya kichwa.

Yule kijana wa Chumbageni ndo kafika hapo sasa hivi. Kama miezi miwili hivi kila nikikata mara ya tatu anaingia mpaka kwenye neti, anavoli vizuri, yani anaupiga kabla haujadunda, na ule mkono wake mrefu, juzi kanifunga 6-3, 6-4 na tukiwa tunakusanya mipira akaniambia "kaka, babu aliniita na mimi." Nikageuka kwenye benchi, mzee anakunywa kahawa yake. Kesho saa kumi na moja nina kikapu cha mipira na nafasi ya kiwanja nusu saa, nataka nipige lobu za bekihendi tu upepo ukiwa wa pembeni.