Kisukari aina ya kwanza: wapi pa kupimwa kabla dalili hazijaanza

Watoto wengi ninaowaona kwa mara ya kwanza huletwa wamebebwa. Midomo imekauka, wanahema kwa nguvu, na kinywani kuna harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mama ananieleza kwamba kwa wiki 2 au 3 mtoto amekuwa akinywa maji bila kukoma, amerudia kukojoa kitandani, na nguo zimeanza kumpwaya. Tunatundika dripu, tunaanza insulini, tunakesha naye. Kinachoniuma kila mara ni kwamba ugonjwa haukuanza wiki 3 zilizopita. Ulikuwamo mwilini kwa miezi, mara nyingi kwa miaka, na ungeonekana kwenye damu kama kuna mtu angeutafuta.

Kinga ya mwili hukosea na kuzishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Shambulio hilo huacha alama kwenye damu, nazo ni kingamwili. Tunatafuta aina 4: ya insulini yenyewe, na nyingine 3 zinazoitwa GAD, IA-2 na ZnT8. Mtu akikutwa na 2 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, tunasema yuko hatua ya kwanza hata kama sukari yake ni ya kawaida kabisa. Hatua ya pili sukari huanza kuyumba, lakini mtoto bado anacheza na kula kama wenzake. Hatua ya tatu sukari hupanda na dalili hujitokeza; hapo ndipo wasiojulikana mapema huletwa wamebebwa. Miongoni mwa watoto wenye kingamwili 2 au zaidi, takriban 70 kati ya 100 hufika hatua ya tatu ndani ya miaka 10, na wengi wa waliobaki hufika baadaye.

Hapa ndipo wazazi wengi wanaotafuta mahali pa kupima hupotea. Ukiuliza tu "kupima kisukari," utaelekezwa kwenye kipimo cha sukari cha kidoleni au kile cha wastani wa sukari wa miezi 3. Vipimo hivyo vina kazi yake, ila kwa mtoto aliye hatua ya kwanza vyote viwili vinaweza kutoka safi, nawe ukarudi nyumbani umetulia bure. Taja kingamwili. Uliza: "Je, mnapima kingamwili za kisukari aina ya kwanza, na ni zipi?" Mhudumu akianza kukueleza habari za uzito na vyakula vya sukari, jua mnazungumzia ugonjwa mwingine, kisukari aina ya pili.

Mipango iliyopo mingi imeanzia kwenye utafiti. TrialNet, mtandao wa vituo vya kimataifa wenye makao Marekani, umekuwa ukipima bure ndugu wa wagonjwa: mzazi, mtoto, kaka au dada kuanzia miaka 2 na nusu hadi 45. Bavaria, Ujerumani, mpango wa Fr1da ulianza 2015 na hupima watoto wa jamii nzima, wawe na mgonjwa katika ukoo au wasiwe naye. Uingereza kuna ELSA, jimbo la Colorado, Marekani, kuna ASK, Australia kuna Type1Screen. Italia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kupima watoto nchi nzima, pamoja na ugonjwa wa siliaki, ule ambao ngano huuumiza utumbo. Umri unaokubaliwa na masharti hubadilika, kwa hiyo soma maelezo ya mpango wenyewe kabla hujampa mtoto matumaini au hofu.

Ikiwa hakuna mpango karibu nawe, anzia kliniki ya kisukari ya watoto, hasa ya hospitali ya chuo kikuu. Daktari wa homoni anaweza kuagiza vipimo hivyo moja kwa moja maabara.

Mwenye ndugu wa karibu mgonjwa ana hatari takriban mara 15 kuliko wengine, na ndiyo maana mipango mingi huanza na familia hizo. Lakini karibu 9 kati ya 10 wanaougua hawana mgonjwa yeyote katika familia. Sipendi kusikia mzazi akiambiwa "kwenu haupo, usijali."

Kabla hujasaini fomu, swali langu ni moja: majibu yakitoka na kingamwili, nani atatupokea? Kumwambia mzazi mwanao ana kingamwili 2, kisha kumwacha peke yake na karatasi ile, ni kumtesa. Mpango mzuri hurudia kipimo, hupanga ratiba ya kufuatilia sukari, huifundisha familia dalili, na una mtu wa kupokea simu. Jambo jingine, majibu safi leo si ya maisha yote. Kupima mara 2, karibu na miaka 2 na tena karibu na 6, hunasa takriban asilimia 80 ya watakaougua kabla ya kufika miaka 15.

Wengine huniuliza kuna faida gani kujua, kama hakuna tiba. Faida ya kwanza ni kuepuka ile hali ya kuhema na kuzimia, ambayo huua. Ya pili ni mpya: teplizumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022 kwa walio hatua ya pili wenye umri wa miaka 8 na zaidi. Hutolewa kwa dripu siku 14 mfululizo, na katika jaribio lililochapishwa 2019 ilichelewesha hatua ya tatu kwa takriban miaka 2. Kwa mtoto, miaka 2 bila sindano ni mingi mno.

Kuna binti niliyemfuatilia tangu hatua ya kwanza, kwa sababu kaka yake anaumwa. Siku sukari ilipopanda, mama yake aliiona kwenye mashine ya kupimia nyumbani asubuhi, akanipigia simu, wakaja kwa miguu yao. Binti alikaa kitini, akaishika kalamu ya insulini, akaigeuza kuitazama sindano. Akauliza kama anaweza kujichoma mwenyewe. Jioni ile alilala kwao.