Je, wajua kwa nini Ali na Foreman walipigana Kinshasa?

Mabondia Wamarekani, promota Mmarekani, watazamaji wengi wa TV Wamarekani, afu pambano linapigwa Kinshasa, tena saa kumi alfajiri. Kwanini? Jibu ni Mobutu, rais wa nchi hiyo. Mwaka 1974 promota Don King alikuwa kashawaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni 5 kila mmoja na hela yenyewe hana, Mobutu akasema leteni huku, nalipa.

Alichokuwa anakitaka ni jina. Nchi yake, Kongo, ilikuwa imeitwa Zaire toka 1971 tu, na huko nje mtu akisikia Kongo kinachomjia ni vita na kuuawa kwa Lumumba, waziri mkuu wake wa kwanza. Ukinunua tangazo gazetini mtu anafunua ukurasa mwingine anaendelea, ila ukileta ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kila mtangazaji atataja Zaire atake asitake. Na bahati ikamwangukia, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa toka Septemba 25 hadi Oktoba 30, waandishi wakabaki kuandika habari za Kinshasa tu. Hiyo saa kumi nayo ni hesabu ya TV, Marekani ilikuwa bado ni usiku wa jana yake, watu wanaangalia kwenye kumbi za sinema.

Uwanjani picha kubwa ya Mobutu ikatundikwa, mwenyewe hakutokea.

Ila wananchi walikuwa na mtu wao. Foreman alishuka na mbwa wake wa Kijerumani, wengi wakakumbuka mbwa wa polisi wa Kibelgiji enzi za ukoloni, hapo ndo akaharibu kabisa, wakati Ali anapiga stori na watu mtaani. Uwanja mzima ukawa "Ali, boma ye!", yaani Ali muue kwa Kilingala, na raundi ya 8 Foreman akaenda chini.

Hela sasa. Zaire iliishi kwa shaba, bei yake ikaporomoka mwaka huohuo na 1975 nchi ikashindwa kulipa madeni ya nje.

Wakubwa hawajaacha kusaka jina kwa michezo lakini. Septemba 2025 Kigali, mji mkuu wa Rwanda, iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika, dunia ikaangalia watu wanavyohema kwenye ule mlima wa barabara ya mawe wa Kimihurura, japo Februari Bunge la Ulaya lilikuwa limetaka mashindano yafutwe kama Rwanda haibadili msimamo kwenye vita vya mashariki mwa Kongo, inakolaumiwa kusaidia waasi. Hayakufutwa.